Magimbi ya Mama Roida

Harufu ya majani ya mianzi yaliyooza kwenye unyevu haifanani na nyingine. Si harufu ya shamba lililolimwa, wala si ya msitu. Ina uchachu kidogo, kama togwa ya juzi, na chini ya uchachu huo kuna utamu fulani ambao sijawahi kuupatia jina. Kila mwaka mvua za kwanza zinapoishukia mianzi iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Makambako, naacha ninachofanya na kwenda kusimama mlangoni. Wajukuu wanadhani bibi yao anaangalia nguo zilizoanikwa. Waache wadhani hivyo. Mimi wakati huo nimeshafika kijijini kwetu, upande wa Njombe, ni mtoto tena, nimechuchumaa kivulini nasubiri ardhi ipasuke.

Maana ndivyo yalivyokuja yale majani. Kwanza ardhi ilifanya ufa mdogo, kisha ikatokeza ncha ya rangi ya waridi iliyosokotwa kama msokoto wa tumbaku. Ukiondoka ukirudi, msokoto umelegea. Ukilala ukiamka, umekuwa jani. Na jani lenyewe, jamani! Lilikuwa na umbo la jani la gimbi, lakini katikati lilikuwa jekundu kama limepakwa, na pembeni lina utepe wa kijani. Mengine yalikuwa meupe yenye mishipa ya kijani, unaweza kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mengine yana madoa, kana kwamba fundi rangi amekung'uta brashi yake akiwa na hasira. Chini ya mianzi ile, ambako jua liliingia kwa vipande vipande, hapakuhitaji ua hata moja. Majani yenyewe yalitosha.

Watu walikuja kutoka Wanging'ombe kuyaona. Lakini nawaambieni, bustani ile ilikaribia kuishia chunguni, na aliyeyaleta majani yale alikaribia kurudishwa kwao kabla hajajua hata mlango wa zizi uko upande gani. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza. Baba yangu alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na vidole vyenye makovu. Mama yangu mzazi alifariki mwaka mmoja kabla ya haya, kwa kifua, na mimi nikabaki mikononi mwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alinipenda, lakini alikuwa na mambo mengi: ng'ombe, mashamba ya ulezi, na kanisa. Alikuwa mkubwa wa akina mama pale kanisani kwetu, na mapishi yake yalisifiwa kila palipokuwa na shughuli. Alikuwa pia na mianzi. Mchungaji alihubiri sana dhidi ya ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga, na Bibi aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Lakini mianzi ilikuwa ya marehemu Babu, naye alisema hajaona amri inayokataza kurithi. Alisema anaitunza kwa ajili ya kusukia vikapu. Vikapu vile, mbona vilisukwa vichache sana!

Baba alipata kazi ya kupaua kanisa huko Lupingu, chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alikwenda na msumeno, akarudi na msumeno na mke.

Jina lake Roida. Alishuka kwenye lori pale barabarani akiwa amejifunga nguo mbili mabegani na bado anatetemeka, maana huko kwao joto ni la mwaka mzima na sisi huku tulikuwa na baridi ya kukata masikio. Baba alimbebea kikapu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa. Hakuuliza kilikuwa na nini. Wanaume wa kwetu hawakufungua vikapu vya wanawake. Kesho yake lori lilipita tena kuelekea Makambako, ambako Baba alikuwa anangojwa apaue duka, akapanda, akatuachia mgeni wetu.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya nyumba yetu, la sivyo hamtaelewa kitu. Mkwe akiingia, hazungumzi mbele ya mama mkwe mpaka afunguliwe mdomo. Anafunguliwa kwa zawadi, kuku au nguo, halafu ndipo anatoa neno lake la kwanza. Kabla ya hapo anakaa mkekani ameinamisha kichwa. Na kikapu alichokuja nacho kinafunguliwa na mama mkwe mwenyewe, kilichomo kinapikwa, majirani wanaitwa wanakula pamoja. Ndiyo kumpokea: tumekula cha kwenu, sasa wewe ni wetu. Kipande cha kwanza anapewa mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeshampenda, hilo niliseme wazi. Usiku wa kwanza aliniita kwa mkono, akanisuka nywele bila kusema neno, na vidole vyake havikuvuta. Tangu Mama afariki, Bibi alikuwa akininyoa tu ili kumaliza kazi. Nililala nikijishika kichwa nisiiharibu ile misuko.

Basi, Bibi akafungua kikapu mbele ya akina mama wa kanisani. Ndani mlikuwa na udongo mkavu, na ndani ya udongo mlikuwa na magimbi madogo madogo, ya mviringo, yenye ngozi ya kahawia.

"Ee Nguluvi, Mungu wetu!" Bibi alifurahi. "Magimbi ya ziwani! Tazameni, kaja na chakula cha kwao mpaka na udongo wake."

Roida aliinua kichwa. Akatikisa, mara moja, kwa nguvu. Akina mama wakaangua kicheko.

"Anaona haya," alisema Mama Yudita, rafiki mkubwa wa Bibi, mwanamke mwenye sauti iliyoweza kumwita ng'ombe aliye kijiji cha pili. "Anadhani hayatutoshi. Usijali, mkwe, tutachanganya na viazi!"

Roida alitikisa kichwa tena, na wakacheka zaidi. Bibi aliyamenya, akaacha machache yaliyokuwa madogo kabisa kwa ajili ya mbegu, maana mkulima halisi hapiki vyote. Akabandika chungu. Mimi nilikaa karibu na moto na bakuli langu, nikiangalia mvuke. Namkumbuka Roida alivyokuwa akisokota pindo la nguo yake mpaka uzi ukatoka.

Chungu kilipochemka vya kutosha, Bibi alichota kipande, akapuliza, akaonja. Halafu akafanya jambo la ajabu. Aligeuka akatupa mgongo, akainama kwenye kibuyu cha maziwa mgando na hakuinuka. Mama Yudita hakuona. Yeye alikuwa na njaa na shughuli ilikuwa inachelewa. Akachukua upawa, akaopoa gimbi, akaniwekea mkononi.

"Haya Eliza, mtoto wa nyumba, tufungulie."

Nilipuliza. Nilifungua kinywa.

Kofi lilitua kwenye mkono wangu na gimbi likaruka hadi kwenye majivu. Kabla sijalia, Roida alikuwa ameshapita mbele yangu, akakipiga chungu teke, kikabiringika mafigani na mchuzi wote ukaingia motoni ukipiga kelele. Moshi ulitanda. Kisha akarudi mkekani, akakaa, akainamisha kichwa kama mwanzo.

"Kampiga yatima!" alipaza Mama Yudita. "Siku ya pili! Kampiga yatima na kamwaga chakula cha watu!" Kila mmoja akawa na lake. Mmoja alisema watu wa ziwani ndivyo walivyo. Mwingine alisema afadhali wamejua mapema. Wote walimtazama Bibi atoe neno, naye Bibi alisimama pale pembeni, mkono umefunika mdomo, machozi yanamtoka, na neno halikuja. Wakasema hasira imemziba koo. Wakakubaliana wenyewe: kesho asubuhi watakuja kumsindikiza barabarani, angoje lori la kurudi Njombe, na kutoka huko atajijua mpaka kwao. Baba akirudi ataelezwa.

Roida alisikia yote. Kiswahili alikijua vizuri, alikuwa amesoma kidogo.

Nililia jioni ile yote, na sitawadanganya, nililia kwanza kwa ajili ya gimbi. Nilikuwa na njaa na nilikuwa nimepigwa. Lakini alipoanza kukunja nguo zake mbili na kuziweka kwenye kikapu kitupu, kilio kikabadilika. Nilikwenda nikamshika mguu. Kofi lile nilishalisamehe. Mwanamke anayesuka bila kuvuta, nani angekubali aende?

Asubuhi akina mama walikuja kweli, wamejitanda, wana sura za msibani. "Kamwene," wakasalimu, lakini salamu yenyewe ilikuwa baridi kuliko umande. Roida alikuwa ameshasimama mlangoni na kikapu chake. Bibi hakuonekana. Tukamsikia nyuma ya nyumba, na kuku anapiga kelele.

Akatokea ameshika kuku kwapani, tetea mweupe, yule bora. Akampita Mama Yudita bila kumtazama, akamkabidhi Roida.

"Thema, mwanangu," alisema Bibi. Hakuweza kutamka vizuri. "Nimekufungua mdomo. Thema."

Roida alipokea kuku kwa mikono miwili, akapiga goti. Sauti yake ndiyo mara ya kwanza naisikia, ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia.

"Hayakuwa ya kula, mama. Ni maua. Mama yangu anayapanda kivulini kando ya kijito, kwa ajili ya majani yake. Nilitaka niyaone na huku."

Hakuongeza hata neno.

"Maua?" Mama Yudita alishika kiuno. "Yaani umemwaga chungu cha watu na kumpiga mtoto kwa sababu ya maua?"

Na Roida, niwaambie, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, kwa sababu ya maua. Akamrudishia Bibi kuku na kuinua kikapu chake.

Ndipo Bibi yangu, mkubwa wa akina mama, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwamkia kwa kuinama, akafungua kinywa na kutoa ulimi. Aliutoa wote. Ulikuwa umevimba, mwekundu, pembeni umechubuka. Akaanza kwa Mama Yudita, akasogeza uso karibu, kisha akaenda kwa wa pili, na wa tatu, akipita mbele ya kila mmoja wao na ulimi wake nje mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nilionja mimi," alisema alipomaliza, kwa taabu. "Kipande kidogo tu. Mngekula bakuli zima, na huyu mtoto. Mpishi ni mimi. Sasa nani anakwenda barabarani?"

Mama Yudita aliangalia chini. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Utoe tena," alisema, "sikuuona vizuri," na hapo uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, mpaka Bibi naye akacheka huku akishika taya kwa maumivu. Kikapu kilirudi ndani. Kuku alirudi kwa Roida, na siku ile ile alimpika yeye, tukala wote.

Yale magimbi madogo ya mbegu ndiyo yaliyozaa bustani. Roida aliyapanda kwanza nyuma ya jiko. Yalitoa majani, yakapigwa na jua la mchana yakaungua kingo, halafu ukaja usiku wa baridi yakalala chini kama yamechemshwa. Alikaa karibu nayo kwa muda mrefu. Bibi alimwangalia kutoka mlangoni, kisha akachukua jembe, akamshika mkono, akampeleka kwenye mianzi ya Babu.

Pale chini ya mianzi, Bibi alijua, sakitu haikufika. Asubuhi ambazo majani ya uwanjani yalikuwa meupe kwa barafu, chini ya mianzi ungeweza kukaa bila viatu. Udongo wake ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa majani yaliyooza mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo Bibi alileta kivuli na Roida akaleta rangi. Alikuwa akipima udongo kwa kidole kabla ya kumwagilia, na alimwagilia asubuhi, kamwe si jioni, ili maji yasilale na baridi. Majani makavu ya mianzi hayakufagiliwa. Yaliachwa yawe blanketi. Na mbeta, vile vikombe vya mwanzi ambavyo Babu alivifunga kwenye mianzi michanga kukinga ulanzi, vikaanza kutumika kuotesha vipandikizi. Mchungaji alipopita akaviona vina miche, alifurahi sana, akamsifu Bibi hadharani. Havikuwa na miche vyote, lakini nani amwambie.

Kidogo kidogo akina mama wakaanza kuleta vyao. Mmoja alileta tawi la mmea wenye majani ya rangi ya damu, alilolipata barazani kwa mtu huko Njombe. Lilichomekwa tu kwenye udongo likashika. Mwingine alileta ule wenye majani ya manjano na zambarau, ambao Roida alitufundisha kuuvunja vichwa kila unapotaka kutoa maua, la sivyo majani yananyong'onyea. Mama Yudita alileta mmea wenye jani la fedha linalong'aa na mgongo mwekundu, akasema kwa sauti yake ile, "Huu nao hauliwi, nimeuliza!"

Baridi ilipokaribia, majani ya Lupingu yalianza kulegea yenyewe, yakalala, yakapotea. Mwaka wa kwanza nililia nikidhani yamekufa. Roida akachimba akanionyesha: magimbi yalikuwa pale, manono, na yamezaa wadogo. Tukayakung'uta, tukayapanga kwenye kikapu kile kile chenye majivu, na Bibi mwenyewe akakiweka juu ya uchanja, pale moto ulipofika kwa mbali. Yalikaa humo mpaka mvua zirudi, juu ya mafiga yale yale. Kila tulipokula, Bibi alinyoosha kidole juu na kuniuliza kama nimeshiba au anishushie moja.

Sasa mambo ambayo sikuyaelewa. Miaka mingi baadaye, Bibi ameshafariki na mimi nina watoto wangu, nilikwenda kumsaidia Mama Roida kuchimba kabla ya baridi. Wakati huo nilishamwita Mama tu, kwa miaka, bila jina. Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Chungu kilipokwisha kumwagika, desturi ilikuwa imeshavunjika. Kwa nini hakusema? Kwa nini alikubali, mbele ya wote, kwamba ni kwa sababu ya maua?

Aliendelea kukung'uta udongo.

"Ningesema ni sumu, wangejua nani kaipika," alisema. "Mimi nilikuwa mgeni, Eliza, mgeni anaondoka. Bibi yako alikuwa wa kukaa pale na wale watu."

"Na kwenu ungesema nini, umerudishwa siku ya tatu?"

"Ningesema huku kuna baridi."

Akacheka, akanipa kikapu nipange.

Mama Roida alifariki mwaka juzi, mwezi wa baridi. Tulimzika karibu na mianzi. Msiba ulijaa, na kama mnavyojua, mkubwa wa familia anatakiwa kusema maneno ya shukrani. Nilikuwa nimeyaandaa. Lakini kabla ya hapo niliingia jikoni peke yangu, nikapanda kwenye kigoda, nikashusha kikapu kutoka uchanjani. Nilichagua gimbi moja, nikalikata kwa kisu, nikagusisha kipande kidogo ulimini. Nilitaka kujua tu, nilikuwa sijawahi kulionja.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha maumivu yakaja, kama sindano nyingi, na machozi yakanitoka yenyewe. Nilipoitwa uwanjani nilisimama mbele ya watu, ulimi umejaa mdomo mzima, na sikuweza kutoa hata neno moja. Wakasema ni uchungu wa mama, mwacheni, wakanikalisha. Hawakukosea.